Bei ikipanda, taka huenda wapi? Historia ya debe, kopo na kipaketi

Kwa bibi yangu Tabata kuna kopo la Blue Band ambalo limenizidi umri. Lilinunuliwa mwaka gani hakuna anayekumbuka, ila wote wanajua kwamba siagi ile ililiwa kwa wiki chache tu, kopo likabaki kwa zaidi ya miaka thelathini. Lilikuwa la kuchotea maji, likawa la chumvi, likawa kipimo cha mchele, na sasa linakaa juu ya kabati likiwa na vifungo na nyuzi. Nadhani kila msomaji ana kopo la namna hii kwao. Unalifungua ukitegemea biskuti, unakutana na sindano.

Nyuma ya nyumba hiyohiyo kuna kiroba cha taka. Ukiacha maganda ya ndizi na majivu ya mkaa, humo ndani utakuta vipaketi: vya sabuni ya unga, vya majani ya chai, vya kahawa, vya viungo vya pilau, vya maziwa ya unga. Kila kimoja kimechanwa kona, kimekamuliwa, kimetupwa. Hakuna aliyefikiria kukihifadhi, kwa sababu hakuna cha kuhifadhi.

Sasa hapa ndipo swali lilipoanzia. Bibi alilea watoto miaka ya 1980, wakati maisha yalikuwa magumu kweli. Leo anasema maisha yamepanda tena. Kwa hesabu ya kawaida, ugumu wa maisha ungepaswa kuleta matokeo yaleyale: mtu ananunua kidogo, anatupa kidogo. Mbona basi ugumu wa kwanza uliacha kopo, na ugumu wa pili umeacha kiroba kilichojaa vipaketi?

Jibu jepesi ambalo utalisikia kwenye daladala ni kwamba watu wa siku hizi ni wachafu, hawana nidhamu ya wazee wao. Sikubaliani nalo, na nitaeleza kwa nini. Lakini tuanzie mbali kidogo, kwa sababu watu wa kwanza kulichunguza jambo hili kisayansi walifanya hivyo kwa kuingiza mikono kwenye mapipa ya watu wengine.

Wanafunzi waliochambua mapipa

Mwaka 1973, mwanaakiolojia William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, alianzisha mradi katika mji wa Tucson. Wazo lake lilikuwa rahisi hadi la kuchekesha. Wanaakiolojia hujua maisha ya watu wa kale kwa kuchimba majalala yao: vigae, mifupa, maganda ya kome. Kwa nini tusifanye hivyohivyo kwa watu walio hai? Basi wanafunzi wake, wakiwa wamevaa glavu, wakaanza kupokea mifuko ya taka kutoka mitaa mbalimbali ya Tucson, kuimwaga mezani, kuchambua kimoja kimoja, kupima na kuandika. Baadaye waliwahoji wakazi wa mji huohuo na kulinganisha. Kama ulivyotegemea, mdomo na pipa havikukubaliana. Bia zilizotajwa kwenye dodoso zilikuwa chache kuliko makopo yaliyokuwa kwenye taka.

Bahati nzuri (kwa sayansi, siyo kwa wakazi) mradi ulianza wakati nyama ya ng'ombe imeadimika na bei imepaa Marekani nzima. Machi 1973 Rais Nixon aliweka kikomo cha bei ya nyama, na mwanzoni mwa Aprili akina mama wa nyumbani waligoma kuinunua. Kila mtu alikuwa analalamikia bei ya nyama. Rathje na wenzake walitegemea kwamba nyama ghali namna hiyo haitatupwa hata kipande.

Walikuta kinyume chake. Katika kipindi cha uhaba, sehemu ya nyama iliyotupwa ilikuwa kubwa mara tatu hivi kuliko baadaye, uhaba ulipokwisha. Maelezo yao yalikuwa kwamba watu walipoona nyama inaadimika walinunua nyingi kwa pamoja wakahofia kukosa kesho. Wakanunua pia vipande wasivyovizoea, ambavyo hawakujua kuvipika wala kuvihifadhi. Nyama ikaozea kwenye jokofu, ikaishia kwenye pipa. Mwaka 1975, sukari ilipopanda bei, mambo yalijirudia: watu walileta sukari isiyosafishwa sana kutoka upande wa pili wa mpaka, Mexico, ikagandamana kama jiwe, wakaitupa.

Kutokana na hayo Rathje alifikia kanuni ambayo mimi naiona ni nzuri kuliko nadharia nyingi za uchumi nilizosomeshwa. Mlo wa nyumba ukiwa wa kujirudiarudia, chakula kinachotupwa ni kidogo. Anayekula ugali kila siku anajua kiporo cha ugali kinafanyiwa nini. Anayejaribu kitu kipya kwa sababu kile cha kawaida kimepanda bei ndiye anayetupa.

Kwa hiyo bei kupanda hakupunguzi taka kama vile mvua kunyesha kunavyolowesha ardhi. Inategemea bei imemkuta nani, na ana nini mkononi. Mkazi wa Tucson alikuwa na vitu viwili ambavyo bibi yangu hakuwa navyo: hela ya kununua ya wiki mbili kwa mkupuo, na jokofu la kuiweka. Uwezo wa kulimbikiza ndio uliomfanya atupe.

Bajeti ya maskini na mwanatakwimu wa Saxony

Kabla ya kurudi nyumbani, kuna mtu mmoja wa kumsalimia njiani. Mwaka 1857, Ernst Engel, mkuu wa ofisi ya takwimu ya Saxony huko Ujerumani, alichambua bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akaona mpangilio mmoja: kadiri familia inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. (Usimchanganye na Engels, rafiki yake Marx. Mwalimu wangu mmoja alimchanganya ubaoni, tukanyamaza kwa heshima.) Kanuni ya Engel imepimwa nchi nyingi tangu hapo na bado imesimama.

Kwa taka maana yake ni hii. Bei zikipanda na mshahara ukabaki palepale, familia inakuwa maskini zaidi hata kama hakuna aliyepunguziwa mshahara. Nguo, samani, simu mpya na ada za huduma zinasogezwa pembeni, chakula kinabaki. Ndiyo maana jalala la nchi maskini ni la jikoni. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani, wakati katika nchi tajiri ni kama theluthi moja. Na kwa wingi, mtu wa Afrika kusini mwa Sahara alikadiriwa kuzalisha wastani wa kilo 0.46 kwa siku, dhidi ya wastani wa dunia wa kilo 0.74.

Shikilia hapo kwenye "ada za huduma zinasogezwa pembeni". Tutaihitaji.

Enzi ya debe

Pwani yetu ilianza kujua chombo cha kiwandani kwa wingi kupitia mafuta ya taa. Mwishoni mwa karne ya 19 mafuta hayo yalikuja kwa meli yakiwa kwenye makopo ya bati ya mraba, kila moja galoni 4 za Kiingereza, yaani kama lita 18, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Jina tulilolipa kopo hilo, debe, lina asili ya Kihindi, kwa sababu wenye maduka waliokuwa wakiyauza walikuwa Wahindi.

Nani alitupa debe? Hakuna. Mafuta yakiisha, debe lilikuwa ndoo ya maji. Likawa kipimo cha nafaka, na mpaka leo, mtu ambaye hajawahi kuliona debe la mafuta ya taa anauza mahindi kwa debe. Likitoboka, lilikatwa na kunyooshwa kuwa bati la paa. Nyumba nyingi za Waafrika Dar es Salaam, na zile za Pumwani kule Nairobi, ziliezekwa kwa madebe yaliyobapwa. Vipande vilivyobaki fundi bati alivigeuza kuwa koroboi, na koroboi hiyo ikaunguza mafuta ya taa yaliyopimwa kutoka debe jipya. Hata sanduku la mbao lilikuwa kiti, au kabati, au mlango wa banda la kuku.

Na siyo kwamba maisha yalikuwa nafuu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake bei zilipanda kuliko mishahara, nguo ziliadimika, chakula cha mjini kikagawiwa kwa mgao. Januari 1947 Mombasa iligoma karibu nzima; Septemba mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam wakagoma, na mgomo ukasambaa kufuata reli. Dai lilikuwa lilelile unaloweza kulisikia leo: hela haitoshi kula.

Lakini angalia namna mfanyakazi huyo wa bandarini alivyonunua. Alikuwa na senti za siku. Alikwenda dukani na chupa yake akapimiwa mafuta ya taa. Alikwenda na bakuli akapimiwa mafuta ya nazi. Sukari na majani ya chai vilimwagwa kwenye kipande cha gazeti kilichosokotwa kama pembe, hivi tunavyouziwa karanga hadi leo. Unga ulipimwa kwa kibaba. Ununuzi wa kidogokidogo haukuletwa na kampuni za siku hizi. Ni wa zamani kama umaskini wenyewe. Kilichokuwa tofauti ni kwamba chombo kilikuwa cha mnunuzi. Mzigo ulikuja dukani ukiwa mkubwa, ukagawanywa pale kaunta, na kanga au kapu likaubeba kwenda nyumbani.

Miaka ya foleni

Turuke hadi wakati wa bibi. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilikula fedha za kigeni. Matokeo yake wasomaji wenye wazazi wa umri ule wanayajua kwa simulizi: sabuni, sukari, mafuta, khanga, betri, vyote vilikuwa vya kuviziwa. Bibi anasema ulikuwa ukiona foleni unajipanga kwanza, halafu ndiyo unauliza wanauza nini. Waliochoka waliacha jiwe au kapu liwashikie nafasi. Machi 1983 serikali ikaanza msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na wenye bidhaa wengine wakazificha zaidi au wakazitupa usiku ili wasikutwe nazo. Kwa mtafiti wa taka hilo nalo ni la kufurahisha na kusikitisha: jalala lililojaa vitu vizima kwa sababu ya hofu.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi mwishoni mwa 1980, thamani halisi ya mshahara mjini ilishuka kwa zaidi ya nusu. Familia ziliishi kwa kile kilichoitwa miradi: maandazi, vitumbua, barafu, kuku, ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Hata walimu wa chuo kikuu walifuga. Tunasoma habari hizi kama historia ya uchumi, lakini ni historia ya taka pia. Maganda ya ndizi na viazi yalikuwa chakula cha mbuzi. Pumba ilikuwa ya kuku. Kiporo kiliamkia chai. Chupa ya soda ilikuwa na amana, na bila chupa tupu hupewi iliyojaa, kwa hiyo chupa ilikuwa mali iliyotunzwa chini ya uvungu. Sabuni ilikuja kama mche mrefu, ukakatwa vipande kwa waya au kisu. Hayo ndiyo mazingira yaliyozaa kopo la Blue Band la juu ya kabati. Bibi hakuwa na mapenzi ya pekee kwa mazingira. Alitunza kopo kwa sababu kopo lilikuwa halipatikani.

Hata hivyo jiji lilinuka. Hapa ndipo wengi hukosea wanapousifia wakati ule. Taka za nyumba moja zilikuwa kidogo, lakini watu walikuwa wengi na magari ya kuzoa yalihitaji dizeli, matairi na vipuri, vitu ambavyo bei yake ilikuwa kwa dola. Ugumu wa maisha uliipiga halmashauri kama ulivyoipiga familia. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dar es Salaam ilikuwa inazoa chini ya sehemu moja ya kumi ya taka zake. Zilizobaki zilifukiwa uani, zilichomwa, au zilisukumwa mtaroni.

Na hicho kidogo kilichozolewa kilipelekwa wapi? Tabata, kwa kina bibi. Moshi wa dampo uliingia ndani usiku na mchana. Mwaka 1988 wakazi waliishtaki halmashauri ya jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza zaidi, akijenga hoja yake juu ya haki ya kuishi iliyomo kwenye Katiba. Kesi hiyo inafundishwa kwa wanafunzi wa sheria mpaka leo. Kwa wakazi wa jirani ilimaanisha kitu kimoja tu, kufungua madirisha. Malori yakahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, mwishowe Pugu Kinyamwezi, na kila yalikohamia kulikuwa na watu wanaoishi.

Baada ya 1992, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, jiji lilianza kupanga upya uzoaji, na kuanzia 1994 kampuni binafsi zikaingizwa, kisha vikundi vya mitaani. Uzoaji ukapanda hadi kama sehemu nne za kumi miaka kumi hivi baadaye. Ni hatua kubwa. Lakini sasa taka ikawa na bili inayogonga mlango. Mkumbuke Engel. Mwezi ambao unga umepanda, nauli imepanda na mtoto anadaiwa shuleni, ada ya taka ndiyo ya kwanza kurukwa, kwa sababu njaa haisubiri na taka zinasubiri. Zinasubiri mvua. Anayekaa karibu na mfereji anajua ninachosema: wingu likikaza, viroba vinatoka. Maji yanachukua bure kile ambacho mwenye mkokoteni angekichukua kwa hela, na yanakishusha bondeni kwa mwingine, mara nyingi maskini zaidi.

Kipaketi kinaingia

Kuanzia 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na chini ya Mzee Mwinyi neno likawa ruksa. Bidhaa zikarudi madukani. Hela haikurudi kwa kasi hiyo. Hapo kampuni zilikuwa na tatizo la kuvutia: wateja wengi wanaotaka bidhaa, wenye fedha ya siku moja mfukoni.

Suluhisho lilikuwa limeshajaribiwa India. Katika mji wa Cuddalore, Tamil Nadu, anatajwa mtu aitwaye Chinni Krishnan, aliyeona kwamba kibarua hawezi kununua chupa ya shampuu lakini anaweza kununua ya kuoshea kichwa mara moja. Miaka ya 1980 wanawe na washindani wao waliieneza shampuu ya vipaketi India nzima, na kampuni kubwa za kimataifa zikafuata. Huko Ufilipino, ambako ununuzi wa rejareja ndogo una jina lake, tingi, kipaketi kilichukua nafasi ya kipimo cha muuza duka. Kwetu kilikuja na sabuni, kahawa, majani ya chai, na baadaye pombe kali. Kenya wameuita uchumi wa kadogo. Sisi tunasema tu "nipe ya mia mbili".

Nataka niwe mwadilifu hapa. Kipaketi kina faida. Hakichakachuliwi, wakati mafuta ya kupima na maziwa ya kupima yanaweza kuongezwa maji au uchafu. Kinampa maskini kitu kilekile anachotumia tajiri. Wala si kweli kwamba siku zote ni ghali zaidi kwa gramu. India shampuu ya kipaketi mara nyingi ni nafuu kuliko ya chupa. Mlaumu bibi anayekinunua ukiwa tayari kumlipia chupa kubwa.

Tatizo ni hesabu ya umbo. Chukua lita moja ya kitu, uiweke kwenye mchemraba wenye upande wa sentimita 10. Eneo la nje la kufunika ni sentimita za mraba 600. Igawanye kwenye michemraba minane midogo, eneo linakuwa 1,200. Igawanye kwenye 50 ya mililita 20, inakaribia 2,200. Kwenye 1,000, inafika 6,000. Ujazo haukubadilika hata tone, kifungashio kimeongezeka mara kumi. Kanuni yake ni kwamba ukigawanya mara n, eneo huongezeka kwa kipeuo cha tatu cha n: mara 8 linakuwa maradufu, mara 1,000 linakuwa mara kumi. Na hii ni kwa michemraba; kipaketi ni bapa, kwa hiyo kinatumia eneo zaidi ya hapo.

Msomaji makini atasema: lakini karatasi ya kipaketi ni nyembamba sana, uzito wa plastiki unaweza hata kuwa mdogo kuliko wa chupa. Kweli kabisa, na wenye viwanda huisema sana hoja hii. Ila jalala halihukumu kwa uzito peke yake. Kipaketi kimeundwa kwa tabaka zilizogandishwa pamoja: plastiki ya nje ya kubeba rangi na maandishi, alumini ya kuzuia hewa na unyevu, plastiki ya ndani ya kuyeyuka na kuziba. Kuzitenganisha tena ni kazi ghali. Na mwokota makopo anauza kwa kilo. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina kama gramu 20, kwa hiyo hamsini zinampa kilo. Kipaketi kitupu kina gramu moja au mbili. Ainame mara mia kadhaa kupata kilo ambayo hakuna mnunuzi. Hainami. Ndiyo maana pembezoni mwa mtaa uliookotwa chupa zote utaona vipaketi vimebaki peke yao, vimekanyagwa kwenye tope.

Kwa hiyo ugumu wa maisha wa miaka ya 1980 na wa sasa umemkuta mtu yuleyule, mwenye hela ya siku. Kilichobadilika ni kaunta. Zamani mgawanyo ulifanyika dukani kwa kibaba, sasa unafanyika kiwandani kwa mashine. Kila bei inapopanda, mnunuzi anashuka ngazi moja: wa kilo ananunua nusu, wa nusu ananunua cha mia mbili. Katika mfumo wa kibaba kushuka ngazi hakukuongeza taka yoyote. Katika mfumo wa kipaketi kila ngazi unayoshuka inaongeza takataka, wakati uleule ambapo ada ya kuzoa imekuwa haililipiki.

Marufuku zetu na mashine ya maziwa

Tumejaribu kupiga marufuku. Machi 1, 2017 viroba, yaani vile vipaketi vya pombe kali, vilipigwa marufuku Tanzania, kwa sababu ya afya ya vijana na kwa sababu ya uchafu. Pombe ikahamia kwenye vichupa. Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na Juni 1, 2019 ikawa zamu yetu. Rambo na malboro zikaondoka. Nilizunguka mtaani wiki ile, na kapu la ukili lilirudi kweli, na mitaro ilipumua. Lakini kanuni ziliacha nje vifungashio vya bidhaa za viwandani, na sababu yake inaeleweka: huwezi kupima dawa au maziwa ya unga kwenye gazeti. Mfuko ambao muuza duka alikupa ukapata sheria. Kipaketi alichokuuzia kikabaki.

Kinachonivutia zaidi ni jambo ambalo hakuna aliyeliita la mazingira. Nairobi, kwa miaka zaidi ya kumi sasa, kuna mashine zinazoitwa ATM za maziwa. Unaleta chupa yako, unasema unataka ya shilingi ngapi, mashine inapima maziwa yaliyochemshwa na kupozwa. Watu walizipenda kwa sababu maziwa ya pakiti yalikuwa ghali. Mwenye shilingi kumi anapata ya kumi, tena bila pakiti. Ni kibaba kilekile cha zamani, kimewekewa umeme.

Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipanda kila mahali. Vita vya Ukraine vilikuwa vimebana alizeti, na Indonesia ikazuia kusafirisha mawese kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23. Mtaani kwa bibi, waliokuwa wananunua dumu la lita tano walirudi kwa Mangi na vikombe. Mangi ana ndoo kubwa ya mafuta na pampu ya mkono juu yake, anapima robo, nusu, hata kijiko. Nilimuuliza kwa nini sabuni ya unga asiipime hivyohivyo. Akanionyesha vipaketi vilivyoning'inia kwenye kamba kama shanga, akasema ile ya mfuko mkubwa ipo, lakini ukiifungua dukani wateja wanadhani umechanganya chumvi, na huyu anayeleta vipaketi anamletea kwa mkopo.

Nikamuuliza ndoo ya mafuta ikiisha anaipeleka wapi.

"Hiyo?" akacheka. "Hiyo ina mwenyewe tangu juzi. Bibi yako kashalipia."